Siku Niliyoipima Digrii ya Binti Yangu kwa Mzani wa Vyuma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na leo nikisema asifiwe, nataka asifiwe yeye peke yake. Wanaonijua wanajua kwamba zamani nikisimama hapa kumsifu Mungu, sifa tulikuwa twagawana, yeye nusu na mimi nusu, na mara nyingine nusu yangu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Mimi naitwa Charo. Kuanzia Kongowea hadi Mtopanga waniita Charo wa Vyuma. Nilishuka kutoka upande wa Kaloleni na darasa la tano kichwani na kaptura moja mwilini. Pale Kongowea nilisukuma mkokoteni wa mtu, nikihamisha viazi na vitunguu vya malori ya bara, nikilala juu ya magunia ya wenyewe. Nikanunua mkokoteni wangu. Nikaanza kuokota chuma kimoja kimoja mitaani hadi nikawa mnunuzi. Leo nina yadi ya vyuma chakavu yenye ukuta na geti, nina mizani miwili, nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne, na sikusaidiwa na mtu yeyote.

Ndugu zangu, hayo maneno ya mwisho nimeyaandika makusudi ili muyaone. Nimeyasema miaka mingi, harusini, matangani, na hata hapa madhabahuni. Ni uongo. Ndiyo dhambi niliyokuja kuitubu.

Kwanza niwaeleze kazi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa aibu yangu. Watu wa mikokoteni wanatuletea vyuma, tunapima, tunalipa papo hapo. Shaba hukaa peke yake na bei yake ni ya juu. Alumini hukaa peke yake. Lakini mtu akileta gunia lenye kila kitu, mfuniko wa sufuria, kipande cha bomba, waya, misumari, hiyo twaiita mchanganyiko, na mchanganyiko hulipwa bei ya chini kabisa. Hata kama ndani mna shaba, mimi sisemi neno. Nalipa bei ya chini, kisha wafanyakazi wangu wanakaa chini na kuchambua, na ile shaba yawa faida yangu. Nimejenga vyumba viwili kwa shaba iliyotoka ndani ya mchanganyiko. Lishikeni hilo.

Kuna jambo la pili, mguu. Muuzaji mjanja akishaweka mzigo wake husimama karibu sana na mzani, anajifanya anautazama mshale, kumbe ncha ya kidole iko juu ya bamba. Kilo zinapanda. Mimi kwa hilo sina huruma. Nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu: UKIKANYAGA MZANI USIRUDI TENA. Nimefukuza watu wazima, wenye wake na watoto, kwa sababu ya kidole kimoja cha mguu.

Basi nina binti, Kadzo, kifungua mimba wangu. Mungu alimpa kichwa. Akafaulu, akaitwa chuo kikuu huko bara. Siku hiyo nilichinja mbuzi wawili na nikawatangazia wageni kwamba Charo wa darasa la tano anasomesha chuo kikuu. Watu wakanipa mkono. Nikamwita Kadzo mbele ya wazee, nikamwambia awaeleze anakwenda kusomea nini. Nilitegemea aseme udaktari, au uanasheria, kitu ambacho mzee wa kijijini angekijua.

Akasema kwa adabu, "Ni masomo mseto, baba. Mazingira kiasi, biashara kiasi, maisha ya jamii na kompyuta. Tunafundishwa kuviunganisha."

Nikasema, "Kwa hivyo ni mchanganyiko."

Wazee wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka. Mimi sikucheka, maana tayari nilikuwa nimeshaipigia bei moyoni mwangu.

Karo nililipa muhula mmoja. Naomba nirudie, maana hilo pia hamkuwahi kulisikia kwangu. Muhula mmoja! Baadaye nilisema nimenunua lori kuukuu, nikasema biashara ni ngumu, na mtoto akachukua mkopo wa serikali wa wanafunzi. Lakini kwa watu niliendelea kusema ninasomesha. Nikiulizwa "Kadzo yu wapi?" najibu, "Namsomesha huko bara, pesa zanitoka kama maji." Mke wangu Mama Kadzo alikuwa akiyasikia hayo na kuinamisha kichwa. Mimi nilidhani ni heshima.

Alipokuwa mwaka wa pili, serikali ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima. Wengi wenu mwakumbuka. Asubuhi moja nikafunga geti, na lile lori likakaa pale kama jiwe. Miezi minne, ndugu zangu, sikuingiza hata shilingi ya chumvi. Nilikuwa na wadogo watatu nyumbani. Nilikuwa na kodi ya kiwanja cha yadi, maana ukuta ni wangu lakini ardhi ni ya Mzee Athmani, na Mzee Athmani ukichelewa mwezi anakuja na fimbo yake anakaa getini hadi umlipe.

Lakini sikilizeni maajabu! Nyumbani kulipikwa kila siku. Wali ukipungua, sima ipo. Watoto hawakufukuzwa shule. Na Mzee Athmani hakuja kukaa getini hata siku moja. Nilipokutana naye njiani alinisalimia vizuri, "Alhamdulillahi, Charo, Mungu atafungua." Nikajiambia, mzee huyu ananiheshimu. Anajua mimi ni mwanamume wa aina gani.

Biashara ilipofunguliwa, nilikuja hapa hapa nikasimama kutoa ushuhuda. Mnaukumbuka. Nilivaa suti ya kijivu. Nilisema, "Wenzangu waliuza vyombo vya nyumba, mimi sikuuza hata kijiko. Nilikuwa na akiba. Mwanamume ni akiba! Mungu alinipa akili na mimi nikaitumia." Mkaitikia amina, kanisa zima. Hiyo amina niliila kwa uongo. Naomba leo mniruhusu niirudishe.

Kadzo akamaliza. Akavaa joho, tukapiga picha. Mwaka mzima akakaa bila kazi, na kila siku mimi sikukosa neno la kumwambia mezani. Nikimwona ameshika kitabu nasema, "Soma, soma, hicho kitabu kitakuja kukupikia." Kisha akapata kazi Likoni, na kikundi kidogo cha akina mama wanaopanda mikoko na kuuza asali. Yeye anawaandikia hesabu, anawatafutia soko, anapima hiyo miti inavyokua. Mshahara elfu kumi na nne kwa mwezi. Akapanga chumba huko huko ng'ambo ili nauli na foleni ya feri visimmalize.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu inakuwa nzito. Ee Bwana, nitie nguvu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, wakati yadi imejaa. Mikokoteni imepanga foleni hadi nje ya geti. Mimi niko katikati na chaki yangu, nimekunja mikono ya shati, naongea kwa sauti ili wa mwisho asikie. Kadzo akaingia, amevaa nguo nzuri, mkononi ana bahasha kubwa ya vyeti vyake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona na bahasha? Wamekufukuza?"

"La, nimetoka kwenye usaili mjini. Baba, naomba tuzungumze ndani kidogo."

"Zungumza hapa hapa. Hapa hakuna siri, hapa kuna kilo."

Watu wakacheka, wanaujua mzaha wangu. Kadzo akasogea, akasema kwa sauti ya chini kwamba amepata barua ya mkopo. Muda wa kuanza kulipa umepita, faini inaongezeka kila mwezi. Akaniomba nimkopeshe elfu kumi aanzie nazo, atanirudishia kidogo kidogo.

Elfu kumi! Zilikuwa kwenye mfuko wa shati langu wakati huo huo. Ningeweza kuzitoa bila kugeuza shingo. Badala yake nikageukia watu.

"Haya, njooni mpate elimu ya bure!" nikasema. Nikachukua chaki, nikaanza kuandika juu ya bati la ukutani tunapoandikia bei. Deni na faini zake, laki tatu na elfu kumi. Mshahara elfu kumi na nne. Toa kodi ya chumba elfu nne. Toa chakula elfu tano. Toa nauli na vitu vidogo elfu mbili na mia tano. Kinabaki elfu mbili na mia tano. Mimi hesabu za kugawa najua sana, hizo sikuzifundishwa shuleni.

Mtu mmoja wa mkokoteni aitwaye Karisa, ambaye ameniletea vyuma miaka mingi, akauliza kutoka nyuma, "Bosi, hilo deni laisha lini?"

"Miaka kumi na miezi minne!" nikasema. "Na hapo asiugue, asiolewe, asinunue hata kiatu!"

Mwingine akadakia, "Wallahi, mimi mkokoteni wangu niliumaliza kwa miezi minane!"

Yadi ikalipuka kwa kicheko. Na mimi, ndugu zangu, kile kicheko kilinilevya. Nikampokonya Kadzo bahasha. Nikaiweka juu ya mzani. Mshale haukutikisika, karatasi ni karatasi. Nikasema, "Haionekani! Ngoja niisaidie." Nikaweka mguu wangu juu ya bahasha nikakandamiza. Mshale ukapanda.

"Kilo tisa!" nikapiga kelele. "Mchanganyiko! Mlipeni bei ya mchanganyiko!" Nikapiga hesabu ya kilo tisa kwa shilingi thelathini, nikatoa mia mbili na sabini mfukoni, nikamnyooshea binti yangu mbele ya watu wote.

Hakuzipokea. Hakulia pia. Aliinama, akaivuta bahasha kutoka chini ya mguu wangu taratibu isichanike. Alama ya ndara yangu ilikuwa juu yake, nyeusi ya grisi. Akaipangusa kwa kiganja, haikutoka. Kisha akanitazama, akasema, "Baba, hiyo hesabu yako imekosa mstari mmoja. Muulize mama."

Akaondoka. Alipopita kwenye foleni, watu walimpisha, na hakuna aliyekuwa anacheka tena isipokuwa mimi.

Mchana nikarudi nyumbani kula. Nikamwambia mke wangu kwa kejeli, "Mama Kadzo, mwanao asema hesabu yangu ina upungufu. Eti nikuulize wewe. Haya, nifundishe."

Akaweka mwiko chini. Akazima jiko, chakula hakijaiva. Akaingia chumbani akarudi na simu yake ya zamani, ile ya vibonyezo. Akaiwasha, akaanza kunisomea ujumbe wa pesa, mmoja baada ya mwingine, jina la Kadzo, kiasi, jina la Kadzo, kiasi. Zote zilikuwa za ile miezi minne ya geti kufungwa.

"Huu ni unga na mafuta," akasema. "Huu ni shule ya wadogo. Huu, huu na huu, ni kodi ya kiwanja. Nilimpelekea Mzee Athmani mwenyewe mkononi, nikamwomba asikuambie."

"Uliniambia ni pesa za chama chenu cha akina mama!"

"Siku ya kwanza nilisema hivyo, nikaogopa. Nikangoja uulize tena, nikuambie kweli. Baba Kadzo, miezi minne hukuuliza. Ulikaa mezani ukala."

"Na yeye alizitoa wapi?"

"Kwenye mkopo. Mkopo wa kula yeye. Alikuwa akila mara moja kwa siku ili sisi tule mara mbili. Zote pamoja ni elfu arobaini na tatu. Huo ndio mstari uliokosekana."

Ndugu zangu! Ile yadi niliyosimama ndani yake kumdhihaki, ni yeye aliyeilipia ardhi. Ule mzani nilioupimia vyeti vyake ulikuwa bado uko mahali pake kwa sababu ya lile deni nililokuwa nalichekea. Mtoto wa miaka ishirini alinibeba mgongoni kwa siri, nami nikaja kusimama hapa na suti ya kijivu nikisema mwanamume ni akiba.

Mngedhani nilianguka chini pale pale nikatubu. La. Kiburi hakitoki kirahisi. Nilikasirika! Nilisema wamenifanyia njama. Nilisema mama na mtoto wamenifanya mjinga ndani ya nyumba niliyojenga. Wiki tatu sikusema na mke wangu zaidi ya "lete maji." Kadzo hakuja nyumbani. Nilimpigia simu mara moja, ikaita hadi ikakata, na moyoni nikafurahi kuwa hakupokea. Jumapili niliketi kwenye kiti changu cha mbele hapa, nikaimba kwa sauti kuliko wote. Na lile bati la chaki nililiacha ukutani vile vile. Nilijiambia sitaki kuligusa, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuliangalia.

Sasa, Mungu wetu ana njia zake. Siku moja mchana kweupe Karisa akaja na mzigo wake, mchanganyiko, magunia mawili. Akaweka, akasimama karibu. Mimi jicho langu la kazi halilali. Nikaona kidole gumba chake juu ya bamba.

"Toa mguu!" nikanguruma. "Wewe Karisa, mtu mzima! Kusoma ukutani hujui?"

Akautoa polepole. Nilitegemea aombe msamaha kama wanavyofanya wote. Akasema, "Nimekosa, bosi, nautoa. Ila ule wako wa siku ya Kadzo, nani aliufukuza?"

Foleni yote ikanigeukia. Hata wale wanaogonga vyuma kule nyuma waliacha kugonga. Nikayatazama yale maandishi mekundu ya ukutani. Nikalitazama bati la chaki. Nikakaa juu ya injini kuukuu, na mimi Charo wa Vyuma, ambaye sikulia hata nilipomzika baba yangu, nililia mbele ya watu wa mikokoteni. Nililia kwa sauti! Nikasema, "Bwana, ni mimi. Mguu ni wangu. Nimekanyaga mzani wa mwanangu tangu mwanzo. Nilipima deni lake huku mimi mwenyewe nimesimama juu yake. Nitoe, Bwana, mimi mwenyewe siwezi kutoka."

Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilisikia ya Karisa tu, na nimeamini kwamba siku hiyo Mungu ndiye aliyemtuma kwangu. Lakini kitu kizito kiliniachia kifuani, nacho nilikuwa nimekibeba tangu nikiwa hamali, kile cha kutaka kila mtu ajue kwamba nilifanya peke yangu. Haleluya kwa Mungu anayefungua watu, hata juu ya injini kuukuu!

Kesho yake nikavuka Likoni. Nilikwenda na pesa, elfu hamsini taslimu, maana bado nilikuwa nadhani naweza kununua. Nikamkuta kwenye ofisi yao, chumba kimoja cha mabati, na akina mama wenye matope hadi magotini wamemzunguka. Alikuwa anawaonyesha kwenye karatasi kwa nini asali yao waiuze kwa chupa ndogo na si kwa ndoo, na kwa nini wasikate mikoko ya upande mmoja, na nani kati yao apewe zamu gani ili asigombane na mwenzake. Mazingira, biashara na maisha ya jamii, yote kwa pumzi moja. Nikasimama mlangoni. Mimi ambaye maisha yangu yote nimetajirika kwa kuijua shaba iliyo ndani ya mchanganyiko, kwa mwanangu mwenyewe nilijifanya siioni.

Nikamwita, "Kadzo."

"Abee, baba."

Ndugu zangu, lile abee lilinimaliza. Baada ya yote yale, bado aliniitikia kama alivyoniitikia akiwa mdogo. Nikapiga goti kwenye ule udongo. Wale akina mama wakatazamana, mmoja akafunika mdomo kwa leso. Nikaomba msamaha bila kuongeza neno la kujitetea, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Kisha nikatoa ile bahasha ya pesa.

Akazihesabu mbele yangu. Akatoa elfu saba akanirudishia.

"Ulichokula ni elfu arobaini na tatu, baba, hicho napokea. Changu nitalipa mwenyewe. Ukinilipia changu utanikumbusha hadi nizeeke."

Wale akina mama wakacheka, na mimi nikacheka na machozi, maana anijua vizuri!

"Basi wataka nini kwangu?" nikamuuliza.

"Nataka useme. Pale pale uliposema."

Akaniambia nyumbani atakuja, ila si kabla ya hapo.

Nikarudi yadi. Jumamosi iliyofuata, saa nne, foleni imejaa, nikasimama nje ya geti. Sikuingia. Nikawaambia, "Ndugu zangu wa mikokoteni, mwaijua sheria. Aliyekanyaga mzani asirudi. Mimi nilikanyaga, mliniona." Nikawaeleza yote, ya mkopo, ya unga, ya kodi ya Mzee Athmani. Nikawauliza kama niingie au niende zangu.

Wakatazamana. Karisa akasema, "Ingia, bosi. Lakini ndara uziache nje."

Nikaingia pekupeku. Wakanipigia makofi na miluzi, wengine wakanitania kwamba miguu yangu ni ya hamali bado. Nikaenda kwenye lile bati, na chini ya hesabu yangu nikaandika kwa mkono wangu mstari uliokosekana: Aliyokula baba, elfu arobaini na tatu. Umeandikwa hadi leo, na mvua ikiufuta nauandika upya. Yale maandishi mekundu nayo bado yako, maana mzani ni lazima ulindwe, lakini wale niliowafukuza nimewaita warudi.

Ya yadi yameisha. Yamebaki ya kanisa, na hayo ndiyo haya. Ule ushuhuda wangu wa suti ya kijivu naufuta mbele yenu. Sikuwa na akiba, nilikuwa na binti.

Sasa wazazi wenzangu mtaniuliza, Charo, kwa hiyo digrii ile ina faida? Sitawadanganya tena madhabahuni. Mshahara wake bado ni elfu kumi na nne. Ule usaili wa mjini hawakumwita. Deni linakwenda kwa mwendo wa konokono, na kuna miezi faini yala zaidi ya anacholipa. Kijana akinijia aniulize asome masomo mseto au asisome, sina jibu la haraka. Namwambia aulize deni ni kiasi gani, aulize waliomaliza wako wapi, aulize atakula nini mwaka wa kwanza. Pimeni, ndugu zangu! Mimi ni mtu wa mzani, siwezi kuwaambia msipime. Lakini mzazi, kabla hujausoma mshale, tazama chini kwanza mguu wako uko wapi. Na ukiona chakula mezani ambacho hukukileta, uliza kimetoka wapi.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Namshukuru Mama Kadzo, aliyeinamisha kichwa kwa ajili ya aibu yangu nami nikaita heshima. Namshukuru Mzee Athmani aliyeificha siri ya nyumba yangu, na yeye si wa kanisa letu. Na wewe uliyekaa hapa na kifua chako kimejaa "nilifanya peke yangu," nakuita. Mlete kwa Yesu huyo "peke yangu" wako. Mimi nilimbeba miaka mingi, ni mzito kuliko gunia lolote la Kongowea, na nilipomtua, Bwana hakunicheka. Mwaminini! Hapimi kwa mguu.

La mwisho. Nilipokwisha kuyasema haya madhabahuni, Mchungaji aliniambia niyaandike kwa ajili ya jarida letu, nikaona haya, maana herufi zangu ni za darasa la tano. Nikampelekea Kadzo anisahihishie. Amenirudishia Jumapili iliyopita, kwa mkono wake, nyumbani, mbele ya sahani yake ya wali. Herufi zote alikuwa amezinyoosha na hakugusa habari yoyote, hata zile zinazonivua nguo. Mahali pamoja tu alipitisha kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeandika, "Binti yangu alinisaidia kidogo." Neno la mwisho amelikata kwa mistari miwili.

Nami sikulirudisha. Binti yangu alinisaidia. Amina.